Chungu na Fidla Viliporudisha Heshima ya Wakejuni

Katika nchi nyingi sherehe hufunguliwa kwa kukata utepe. Katika mji wa Lafayette, jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani, kinachokatwa ni soseji. Ni soseji inayoitwa boudin, iliyojazwa wali, nyama ya nguruwe, vitunguu na pilipili. Ikishakatwa, tamasha la Waakadia na Wakrioli, ambalo jina lake rasmi ni Festivals Acadiens et Créoles, huwa limefunguliwa. Ndipo bustani ya Girard Park, kando ya chuo kikuu cha mji huo, hujaa moshi wa majiko, sauti za fidla na vumbi la wacheza dansi hadi mwisho wa juma hilo la mwezi wa Oktoba.

Mpita njia anaweza kudhani kwamba hii ni sikukuu ya kula na kunywa tu, kama zilivyo nyingine nyingi. Lakini, ndugu msomaji, karibu kila kinachopigwa na kuimbwa pale, miaka si mingi iliyopita, kilikuwa kitu cha kuonewa haya. Wenyeji wa nchi hiyo walifundishwa kuidharau lugha yao na muziki wao mpaka wengi wakaamini kwamba kweli havina thamani. Kisa cha jinsi walivyoacha kujidharau ndicho kinacholifanya tamasha hilo listahili safari yetu ya leo.

NCHI YA MAJI NA MPUNGA

Lafayette uko magharibi ya New Orleans, mwendo wa kilometa zipatazo 215 kwa barabara. Kabla ya kufika, msafiri huvuka bonde la mto Atchafalaya juu ya daraja linalokaribia kilometa 30 kwa urefu, lililofunguliwa mwaka 1973. Chini yake ni maji yaliyotulia, na miti mirefu imesimama ndani ya maji hayo, matawi yake yakining'iniza mimea ya kijivu kama ndevu za wazee. Upande wa pili wa daraja ardhi huinuka kidogo, mashamba ya mpunga na miwa huanza, na vibao vya maduka huonyesha majina ya Kifaransa: Broussard, Thibodeaux, LeBlanc, Guidry.

Mashamba hayo ya mpunga yana kazi mbili. Mpunga ukishavunwa, wakulima wengi huyajaza maji tena, wakafuga humo kamba wadogo wa maji baridi, wenye magamba magumu na makucha mawili ya kubana kama ya kaa. Hivyo shamba moja humpa mkulima wali na kitoweo chake. Mji jirani wa Breaux Bridge ulipewa na bunge la jimbo, mwaka 1959, sifa ya kuwa makao makuu ya kamba hao duniani, na tangu mwaka 1960 una tamasha lake la kuwasherehekea kila majira ya kuchipua.

WALIVYOFUKUZWA KWAO

Asili ya watu hawa si Louisiana. Walikuwa wakulima wa Kifaransa waliohamia, tangu mwanzoni mwa karne ya 17, katika nchi iliyoitwa Acadie, ambayo leo ni Nova Scotia na sehemu za majirani zake katika Kanada. Huko walijenga kingo za udongo kuzuia maji ya bahari, wakayageuza mabwawa ya chumvi kuwa mashamba yenye rutuba. Mwaka 1713 Ufaransa ikaikabidhi Uingereza sehemu kubwa ya nchi hiyo kwa mkataba ambao wakulima wenyewe hawakuulizwa neno.

Watawala wapya wakawataka waape kiapo cha utii bila sharti lolote. Waakadia walikuwa tayari kutii, lakini hawakutaka kulazimishwa kushika silaha dhidi ya Wafaransa. Tarehe 5 Septemba 1755 wanaume wa Grand-Pré waliitwa kanisani na jeshi la Kiingereza. Wakiwa humo, chini ya ulinzi wa askari, walisomewa amri: ardhi yao na mifugo yao imetwaliwa kuwa mali ya mfalme, na wao wenyewe watasafirishwa nje ya nchi.

Hadi mwaka 1763 watu wapatao 10,000 walikuwa wameondolewa. Familia zilitenganishwa, vijiji vikachomwa moto, na maelfu wakafa kwa maradhi, kwa njaa na kwa kuzama baharini. Mwaka 1765 kundi la watu wapatao 200, likiongozwa na Joseph Broussard aliyejulikana zaidi kwa jina la Beausoleil, lilifika Louisiana. Mwaka 1785 meli saba zikaleta wengine wapatao 1,600 kutoka Ufaransa. Katika vinywa vya watu neno Acadien lilifupika likawa Cadien, na wasemaji wa Kiingereza wakalitamka Cajun. Hao ndio Wakejuni. Ilibidi wangoje hadi Desemba 2003 ndipo tangazo lililotolewa kwa jina la Malkia Elizabeth wa Pili likakiri rasmi mateso ya babu zao, baada ya wakili mmoja wa Louisiana, Warren Perrin, kulidai jambo hilo kwa zaidi ya miaka kumi.

FIMBO KWA LUGHA YA MAMA

Dhoruba ya kwanza iliwaondolea nchi, lakini haikuwaondolea lugha. Ya pili ilikuja kimya kimya, kwa njia ya shule. Mwaka 1916 jimbo la Louisiana lililazimisha watoto kuhudhuria shule, na mwaka 1921 katiba ya jimbo ikaamuru kwamba mafunzo katika shule za serikali yatolewe kwa Kiingereza peke yake. Mtoto aliyetoka nyumbani bila neno moja la Kiingereza aliingia darasani akawa kama bubu. Aliyesikika akisema Kifaransa alichapwa, au alipigishwa magoti, au aliandikishwa mara nyingi mfululizo kwamba hatasema tena Kifaransa katika uwanja wa shule. Wazee wengi wamesimulia jinsi watoto wadogo walivyojikojolea kwa kuwa hawakujua kuomba ruhusa ya kwenda chooni kwa lugha inayotakiwa. Na baadhi ya walimu walioshika fimbo hiyo walikuwa Wakejuni wenyewe.

Msomaji aliyepita katika shule za kikoloni hahitaji kuelezwa zaidi. Kasumba haifanyi kazi yake yote kwa fimbo. Fimbo huanza tu, kisha mwenyewe aliyechapwa huimaliza kazi hiyo nyumbani kwake. Mtoto aliyeadhibiwa kwa sababu ya lugha yake, akikua na kupata watoto, hataki wanawe wapite njia ile ile. Kwa hiyo baba na mama waliendelea kuzungumza Kifaransa wao kwa wao, hasa walipokuwa na neno ambalo hawakutaka watoto walielewe, na watoto wakapewa Kiingereza. Kazi za visima vya mafuta nazo zilitaka Kiingereza. Muziki wa zamani ukapewa jina la dhihaka la "chanky-chank", yaani makelele ya kugongagonga yasiyo na maana, na vijana wakaukimbia.

DEREVA WA BASI LA SHULE

Miongoni mwa waliobaki na fidla zao alikuwapo Dewey Balfa, aliyezaliwa mwaka 1927 karibu na mji mdogo wa Mamou, mtoto wa mkulima aliyelima ardhi ya mwenye shamba kwa kugawana mavuno. Balfa hakuwa mtu wa vyuo. Miongoni mwa kazi alizofanya ni kuendesha basi la shule. Mwaka 1964 alitakiwa dakika za mwisho kushika gitaa pamoja na wenzake wawili katika tamasha la nyimbo za jadi la Newport, kaskazini mashariki ya Marekani. Mhariri mmoja wa kwao aliandika kwamba watu wa namna hiyo watakwenda kuchekwa. Walipopiga, umati wa maelfu ulisimama ukawashangilia.

Balfa alirudi nyumbani na swali ambalo hakuliacha mpaka alipofariki mwaka 1992: ikiwa wageni wanaushangilia muziki huu, sisi wenyewe tunauonea haya kwa sababu gani? Tangu hapo yeye na ndugu zake walipiga majukwaani kote walikoitwa, naye akaingia madarasani na fidla yake, kule kule ambako babu zao walichapwa.

Mwaka 1968 jimbo likaunda baraza la kuendeleza Kifaransa, linalojulikana kwa ufupi kama CODOFIL, chini ya wakili na mbunge wa zamani James Domengeaux. Mwanzoni tumaini kubwa la baraza hilo lilikuwa darasani, na walimu waliletwa kutoka Ufaransa, Ubelgiji na Quebec. Balfa, na kijana msomi aliyeitwa Barry Ancelet, waliona kwamba daftari peke yake halitoshi. Mtu hawezi kuipenda lugha ya nyumbani kwake ikiwa nyimbo za nyumbani kwake bado zinamtia haya.

USIKU WA MACHI 26

Ndipo likaandaliwa onyesho la heshima kwa muziki wa Wakejuni, tarehe 26 Machi 1974, katika jumba la Blackham Coliseum mjini Lafayette. Usiku ule ilinyesha mvua kubwa ya radi. Hata hivyo watu wapatao 12,000 walijaa katika jumba lililojengwa kwa ajili ya 8,000 hivi. Jukwaani walipita Dewey Balfa na ndugu zake, mzee Dennis McGee na fidla yake, Nathan Abshire na akodiani yake, na Clifton Chenier, mfalme wa muziki wa Wakrioli weusi.

Waandalizi walikuwa wameamua jambo moja la ajabu: usiku ule hakuna kucheza. Kwa Wakejuni muziki ulikuwa kitu cha miguu, sauti inayosikika nyuma ya dansi la Jumamosi. Safari hii waliketishwa na kuelekezwa jukwaani, wasikilize. Wengi walikuwa wakiisikia sauti ya babu zao kwa mara ya kwanza kama kitu kinachostahili kusikilizwa. Mwaka huo huo wa 1974 katiba mpya ya Louisiana ilitambua haki ya watu kuhifadhi na kuendeleza lugha na utamaduni wa asili yao. Onyesho la usiku mmoja likawa desturi, likaungana na maonyesho ya kazi za mikono na ya mapishi, likahamia uwanjani. Mwaka 2024 lilitimiza miaka 50.

SIKU MOJA BUSTANINI

Katika Girard Park hakuna kiingilio. Anayekuja na familia yake na mkeka wake huketi chini ya miti bila kuulizwa tikiti, na fedha zinazotokana na vyakula na vinywaji husaidia kulipia shughuli yenyewe. Mbele ya jukwaa majani hukanyagwa mpaka yakawa vumbi, kwa maana marufuku ya mwaka 1974 ilikwisha na usiku wake. Bibi hucheza na mjukuu, na vijana hujaribu hatua wakiwatazama wazee miguuni.

Mpenzi wa taarab akiwa pale hatajiona mgeni kabisa, kwa sababu vyombo viwili vinavyotawala ni fidla na akodiani. Akodiani hiyo lakini ni ndogo, ya vitufe. Asili yake ni Ujerumani, na Vita Kuu ya Pili ilipokata njia ya kuzipata, mafundi wa Louisiana walijifunza kuziunda wenyewe. Mmoja wao, Marc Savoy, alifungua karakana na duka lake karibu na mji wa Eunice mwaka 1966, na duka hilo likawa mahali pa wapigaji kukutana Jumamosi asubuhi. Pembeni hulia pembetatu ya chuma, ambayo zamani ilifuliwa kutokana na meno ya reki kuukuu za kukusanyia nyasi.

Dansi la jadi la Wakejuni lina jina la kuchekesha: fais do-do, maneno ambayo mama humwambia mtoto ili alale. Zamani familia nzima ilikwenda dansini, watoto wakalazwa katika chumba cha kando, na wazazi wakacheza huku wakitumaini kwamba hakuna atakayeamka. Leo watoto hawalazwi. Wengine wako jukwaani na fidla zao ndogo.

NENO LA KIBANTU NDANI YA CHUNGU

Njaa ikibisha, msafiri hufuata pua yake. Boudin na vipande vya mafuta ya nguruwe vilivyokaangwa vikakauka ni vitu vya kawaida. Kwa wasomaji wetu ambao nguruwe ni haramu kwao, kuna kamba wa maji baridi waliopikwa katika mchuzi mzito wa vitunguu na kumiminiwa juu ya wali. Kuna pia jambalaya, ambayo ni kama ndugu wa pilau: mchele, nyama na viungo hupikwa pamoja katika chungu kimoja, ila ni vizuri kuuliza kwanza nyama gani imetiwa.

Lakini chakula kinachotoa somo ni gumbo. Mpishi huanza kwa kukaanga unga wa ngano katika mafuta, kwa moto mdogo, akikoroga bila kupumzika mpaka unga ugeuke kahawia. Akigeuza shingo kidogo tu, unga huungua, na hana budi kuumwaga na kuanza upya. Kisha hutia vitunguu, pilipili hoho na seleri, halafu supu, na mwisho kuku na soseji, au kamba na kaa. Mchuzi huongezewa uzito kwa bamia, au kwa unga wa majani ya mti wa sassafras, ambao wenyeji wa asili, Wachoctaw, walikuwa wakiutumia kabla Mfaransa yeyote hajafika.

Na jina gumbo limetoka wapi? Katika lugha za Kibantu za upande wa Angola, bamia huitwa kingombo. Neno hilo lilivuka bahari ndani ya meli za watumwa, likabaki midomoni mwa wapishi, mpaka likawa jina la chungu kizima. Mchele nao una habari yake. Manahodha wa meli za kwanza zilizoleta watumwa Louisiana, mwaka 1719, walikuwa wameagizwa kuchukua Afrika ya Magharibi mbegu za mpunga pamoja na watu wanaojua kuulima. Kwa hiyo mtu anayekula gumbo juu ya wali katika bustani ile anakula ujuzi wa Mfaransa aliyefukuzwa, wa mwenyeji aliyenyang'anywa nchi, na wa Mwafrika aliyeletwa kwa minyororo.

JINA LILILOCHELEWA KUANDIKWA

Muziki ulichanganyika vivyo hivyo, lakini heshima haikugawanywa sawasawa. Amédé Ardoin, Mkrioli mweusi aliyezaliwa mwaka 1898, alikuwa bingwa wa akodiani ambaye nyimbo zake ni msingi wa nyingi zinazopigwa leo na Wakejuni weupe. Kati ya mwaka 1929 na 1934 alirekodi sahani kadhaa, nyingine akiwa pamoja na Dennis McGee, mzungu, jambo lisilokuwa la kawaida katika nchi ya ubaguzi. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja dansini alifutia jasho leso aliyopewa na mwanamke wa kizungu, na wanaume wawili wakamngojea njiani wakampiga vibaya. Alifariki mwaka 1942 katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Pineville, akazikwa katika kaburi lisilo na jina. Sanamu yake ilisimamishwa Opelousas mwaka 2018.

Wakrioli weusi waliuendeleza muziki wao mpaka ukawa zydeco, jina linalotokana na neno la Kifaransa la maharage, chakula cha maskini. Mpigaji wa zydeco huvaa kifuani bati lenye mikunjo kama ubao wa kufulia nguo, akalikwaruza kwa vijiko au vifungulio vya chupa. Clifton Chenier, mzaliwa wa Opelousas, aliufikisha muziki huo katika majukwaa ya dunia kabla ya kufariki mwaka 1987. Hata hivyo tamasha la Lafayette liliendelea kuitwa la Waakadia peke yao hadi mwaka 2008, ndipo neno Créoles likaongezwa katika jina lake. Watu waliojua uchungu wa kudharauliwa nao walichelewa kuwatambua jirani zao.

KAZI ILIYOBAKI

Jioni, majiko yakipoa, liko swali ambalo muziki haulijibu. Vijana wengi wanaoimba vizuri jukwaani wamejifunza maneno ya Kifaransa kwa moyo, kisha wakishuka huzungumza Kiingereza. Wazee waliokunywa lugha hiyo pamoja na maziwa ya mama wanapungua kila mwaka. Utamaduni unaweza kuliwa na kuchezwa na bado ukapotea, ikiwa hakuna anayeutumia kumkemea mtoto, kumbembeleza au kumtuma dukani.

Wapo wasiokubali. Tangu miaka ya 1980 baadhi ya shule za Louisiana zimekuwa zikifundisha masomo ya kawaida, kama hesabu na sayansi, kwa Kifaransa. Kusini kabisa, ambako bahari inaila nchi mwaka hadi mwaka, wazazi wa Pointe-aux-Chênes, wengi wao wa kabila la wenyeji wa asili linalosema Kifaransa, walifungiwa shule yao mwaka 2021. Hawakunyamaza. Bunge la jimbo lilipitisha sheria mwaka 2022, na Agosti 2023 École Pointe-au-Chien, shule ya serikali inayofundisha kwa Kifaransa, ikafunguliwa.

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Wakejuni na Wakrioli wametuonyesha kwamba mtumwa huyo anaweza kujikomboa, na kwamba mlango wa kutokea unaweza kuwa jiko la mama au fidla ya dereva wa basi. Jukwaa limekwisha kuwaondolea aibu. Lugha yenyewe inangoja neno litakalosemwa nyumbani kesho asubuhi, mtoto anapoamshwa kwenda shule.